Kufunga geji ya turbo mwenyewe: mwongozo kamili kwa madereva wa Goma

"Geji imekufa, fundi." Karibu wote huanza hivyo wanapoingia garajini. Wamenunua geji ya turbo, ile inayoonyesha presha ya hewa ambayo turbo inasukuma kwenye injini, wameifunga wenyewe Jumapili mchana, na sasa mshale haunyanyuki hata gari likipanda mlima, au umeganda kwenye hasi 0.8 bar kutwa nzima. Mimi huivua ile geji, nikaichomeka kwenye pampu ya baiskeli na kusukuma mara mbili. Mshale unapanda vizuri. Geji ni nzima, ila imeunganishwa na mpira ambao haujui lolote kuhusu turbo.

Siwacheki, maana geji ya kwanza niliyofunga mimi ilikuwa hivyo hivyo. Prado ya mazutu (dizeli), mteja amesimama pembeni na simu mkononi akinirekodi, nami nikakata mpira mwembamba wa kwanza nilioufikia. Ulikuwa mpira wa pampu ya vakyumu. Nilimrudishia hela yake, na ile video nadhani bado anayo. Ndiyo sababu hatua ya 3 hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote. Ukiikosea hiyo, hata ukipatia zote zilizobaki umefanya kazi bure.

Tenga nusu siku, na uanze asubuhi injini ikiwa baridi.

## Hakikisha kwanza gari lina turbo

Usicheke, wapo walionunua geji kabla ya kutazama. Land Cruiser nyingi za kazi hapa mjini zina injini ya 1HZ: mazutu, silinda 6, lita 4.2. Injini hiyo haitoki kiwandani na turbo. Kama hakuna aliyemwongezea mwenye gari turbo baadaye, hapo hakuna cha kupima.

Fungua boneti utafute kitu cha chuma chenye umbo la konokono. Upande wake mmoja umeshikana na ekzosi, na upande mwingine unapokea duriti nene, yaani mpira wa hewa, inayotoka kwenye filta ya hewa. Ukikiona, endelea.

Jambo la pili ni umeme. Geji nyingi za madukani ni za volti 12. Canter na Fuso huwa za volti 24, na zitaunguza geji hiyo mara moja. Usihesabu betri kwa macho, kwa sababu yapo magari yenye betri mbili ambayo bado ni ya volti 12. Pima kwa multimeta kwenye tundu la kuwashia sigara, ufunguo ukiwa umezungushwa kwenye kontakti.

## Vitu vya kuandaa

- Geji ya mshale yenye kipenyo cha milimita 52. Kwa gari la esanse (petroli) chagua inayoanzia hasi 1 hadi chanya 2 bar. Kwa mazutu, inayoanzia 0 hadi 2 bar inatosha.
- Mrija wa geji, mita 3, tundu la ndani milimita 3 au 4. Wa silikoni unavumilia joto kuliko wa plastiki.
- Kiungo cha T cha shaba kinachoingia kwa kubana kwenye mpira wa gari lako.
- Kolye ndogo sita, yaani vibano vya kukazia mpira. Utatumia nne au tano, moja itadondokea ndani ya injini na hutaiona tena.
- Kizuizi cha mrija, yaani kipande kidogo cha chuma chenye tundu jembamba katikati. Mara nyingi kimo ndani ya boksi la geji, na watu wengi hukitupa wakidhani ni takataka.
- Mpira wa duara wa kukinga mrija unapopita kwenye bati.
- Nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, za milimita mraba 0.75, pamoja na fyuzi ya ampea 2 na kikalio chake.
- Multimeta au taa ya kupimia umeme.
- Wembe mpya, bisibisi, koleo, vifungio vya plastiki, pampu ya baiskeli, sabuni ya maji.

Kuhusu T ya plastiki: inafungika leo, na baada ya miezi michache ya joto la injini inapasuka kwenye shingo. Tofauti ya bei ni ndogo. Nunua ya shaba.

### Geji ya hewa au ya umeme?

Geji ya hewa hupokea presha yenyewe kwa mrija mpaka nyuma ya mshale. Ya umeme ina sensa kwenye injini, na waya ndio unaoingia ndani ya gari. Kwa anayeanza, nashauri ya hewa. Haina programu wala cha kurekebisha, na inalinganisha presha ya injini na hewa iliyokuzunguka, hivyo injini ikizimwa inasoma sifuri Goma kama inavyosoma sifuri Mombasa. Baadhi ya geji za umeme za bei nafuu zimetengenezwa kwa kudhani kila mtu anaishi ufukweni mwa bahari, na hapa kwetu zinakuonyesha hasi 0.15 gari likiwa limezimwa kabisa.

Soma pia kipimo kilichoandikwa usoni. Bar 1 ni sawa na psi 14.5, sawa na kPa 100, na karibu sawa na kilo 1 kwa sentimita mraba inayoandikwa kwenye geji za Kijapani. Geji za psi zina mtego mmoja: upande wa hasi hauandikwi kwa psi bali kwa inchi za zebaki. Ukiona 15 upande huo, ni nusu bar.

Dukani, kabla ya kulipa, puliza kwa mdomo kwenye kitako cha geji, kisha nyonya. Pumzi ya mtu ni dhaifu, lakini mshale lazima utikisike. Usipotikisika, irudishe mezani na usonge duka la pili.

## Hatua ya 1: Pima geji na mrija mezani

Usifunge kitu ambacho hujakipima. Unganisha mrija na geji, funga kolye, na upande wa pili uingize mdomo wa pampu ya baiskeli. Sukuma taratibu mpaka mshale ufike bar 1, kisha kunja mrija karibu na pampu na uubane kwa koleo lililofungwa kitambaa.

Hesabu dakika moja. Mshale ukibaki palepale, umefaulu. Ukishuka, paka sabuni ya maji kwenye kila kiungo na utafute mapovu.

Tahadhari: pampu ya baiskeli inapita bar 2 kwa urahisi. Mshale ukigonga mwisho wa kipimo, geji inaweza kuharibika kabla hata haijaingia ndani ya gari.

## Hatua ya 2: Poza injini na uondoe negatifu ya betri

Turbo iliyotoka kufanya kazi inaunguza ngozi kwa mguso mmoja. Subiri ipoe. Kisha ondoa waya wa negatifu kwenye betri na ungoje dakika tatu kabla ya kugusa nyaya za dashibodi, ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa mifuko ya hewa uishe. Kama redio yako inaomba namba ya siri, itafute kabla hujaondoa waya huo.

## Hatua ya 3: Chagua mahali pa kuchukua presha

Geji inapaswa kuonja hewa ambayo tayari imepita kwenye turbo, imepita kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo) kama ipo, na sasa iko mlangoni mwa silinda, ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa, lile bomba lenye matawi linalogawa hewa kwa silinda. Ukichukua mapema, kati ya turbo na intakula, utasoma namba kubwa kidogo kuliko ile injini inayoipata, na intakula ikiziba au ikitoboka hutajua vizuri. Ukichukua kabla ya turbo, upande wa filta, hutasoma presha kabisa.

Kwa hiyo usianze na mpira. Anza na manifoldi. Iweke kidole, kisha fuata kila mpira mwembamba unaotoka hapo mpaka ujue unaishia wapi. Chora kwenye karatasi kama kuna mingi. Dakika ishirini za kufuata mipira zitakuokoa siku nzima.

### Kama gari ni la mazutu

Mipira myembamba unayoiona kwanza huwa si ya manifoldi. Injini ya mazutu hainyonyi hewa kwa nguvu kama ya esanse, kwa hiyo breki zake husaidiwa na pampu ya vakyumu. Kwenye Toyota nyingi za mazutu pampu hiyo imekaa nyuma ya altaneta. Mipira yake inazunguka injini nzima, inafikika kirahisi, na ndiyo iliyonidanganya kwenye ile Prado. Ukichomeka geji hapo itasoma hasi 0.7 au 0.8 muda wote, ukanyage usikanyage.

Kuna sehemu mbili nzuri:

Mpira wa sensa ya presha. Magari mengi yenye pampu ya kielektroniki yana mpira mfupi kutoka manifoldi hadi sensa iliyofungwa ukutani. Kata hapo uweke T. Lakini bana kolye vizuri sana, kwa sababu kompyuta ya gari inategemea habari hiyo kupima mafuta. Hewa ikivuja, gari linapoteza nguvu na taa ya injini inaweza kuwaka.

Mpira wa juu ya pampu ya mafuta. Injini za zamani zenye pampu ya kimekanika na turbo huwa na kisahani juu ya pampu kinachosukumwa na presha ya turbo ili mafuta yaongezeke. Mpira wake unatoka manifoldi. Ni mahali safi pa kuchukua presha, kwa onyo lilelile: mpira ukichomoka, gari litapanda mlima kama limebeba mawe.

Magari mapya zaidi yana sensa iliyokaa moja kwa moja juu ya manifoldi, bila mpira. Hapo unahitaji kutoboa bomba la chuma kati ya intakula na manifoldi na kuchonga uzi wa 1/8. Vua bomba hilo kabisa, litoboe mezani, lioshe, lipulize, lifute, kisha ulipulize tena. Usitoboe likiwa kwenye gari. Chembe moja ya alumini ikiingia silinda, geji itakuwa imekugharimu injini. Kama huna drili ya kusimama na huna kichonga uzi, hii peke yake mpe fundi aifanye.

### Kama gari ni la esanse

Chukua mpira unaotoka kwenye manifoldi baada ya papiyo, lile bamba linalofunguka ukikanyaga mafuta. Mpira wa rekyuleta ya presha ya mafuta, pale ilipo na mpira, ni mzuri sana. Wa valvu inayotoa hewa ukiachia mafuta nao unafaa.

### Usiguse hii

Mpira mnene wa breki. Una valvu ya njia moja, kwa hiyo utakupa habari ya uongo, na kosa dogo hapo linakuachia breki ngumu kwenye mteremko.

Mpira wa valvu ya kupunguza presha ya turbo, ile yenye kikopo na fimbo pembeni mwa konokono. Wengi hukata huu kwa sababu uko karibu na turbo na unaonekana una mantiki. Ukivuja, valvu haifunguki kwa wakati, presha inapanda kupita kiasi, na kwenye baadhi ya magari presha ya mpira huo inachezewa na valvu ya umeme, hivyo namba yake si ya manifoldi.

Na mpira wa kutoa moshi wa oili ya injini. Utajaza geji oili, basi.

## Hatua ya 4: Kata na uingize T

Kata mpira kwa wembe mpya, mkato mmoja ulionyooka. Mkasi unaponda mpira na kuacha mdomo wa mshazari unaovuja.

Ingiza T mpaka mpira upite ile mipete ya shingoni. Kama unaingia kwa urahisi kama kidole kwenye mfuko, T ni ndogo na kolye haitakuokoa. Kama hauingii kabisa, chovya mpira kwenye maji ya moto dakika moja. Usipake grisi wala oili, kwa sababu mpira utateleza nje presha ikipanda.

Kizuizi kiweke hapa, mwanzoni mwa mrija upande wa injini, na si nyuma ya geji. Kinafanya kazi mbili. Kinatuliza mshale usitetemeke kwa mapigo ya injini. Na siku mrija ukikatika ndani ya gari, hewa inayovuja itakuwa kidogo, gari litakufikisha nyumbani. Kwa magari ya esanse pia kinapunguza mvuke wa mafuta unaoweza kuingia ulipokaa.

Umefaulu kama ukiuvuta mpira kwa nguvu ya kawaida ya mkono haujongei.

## Hatua ya 5: Pitisha mrija mpaka ndani

Kati ya injini na miguu yako kuna ukuta wa bati. Usikimbilie drili. Tafuta mahali ambapo nyaya za kiwandani zinapita kwenye mpira mkubwa mweusi, toboa tundu dogo kwenye mpira huo, pitisha mrija kwa kuufunga kwenye waya mgumu. Kama lazima utoboe bati, angalia upande wa pili kwanza, kisha weka mpira wa kukinga. Bati tupu litakata mrija, na barabara zetu za mawe ya lava zitaharakisha kazi hiyo.

Mrija ukae shubiri moja mbali na turbo na ekzosi. Uache na ulegevu kidogo karibu na injini, kwa sababu injini inayumba ukikanyaga mafuta na mrija uliokazwa utachomoka. Usiukunje kona kali. Ikiwezekana upandishe juu kidogo kabla ya kuingia ndani, ili oili na masizi yarudi kwenye injini yasiifuate geji.

Kabla ya kuufunga, puliza upande mmoja na usikilize upande wa pili. Hewa itoke bila kizuizi, isipokuwa kile ulichoweka mwenyewe.

## Hatua ya 6: Weka geji mahali utakapoiona

Magari yetu mengi yana usukani wa kulia nasi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva amekaa upande wa mtaro. Kwa hiyo nguzo ya kioo iliyo karibu naye tayari inamficha mtembea kwa miguu, motari na chukudu kilichojaa viazi. Usiongeze geji hapo. Baadhi ya nguzo hizo zina pia mfuko wa hewa ndani yake.

Mimi hupenda juu ya dashibodi karibu na katikati, uso umeelekezwa kwa dereva, chini ya mstari wa macho. Kaa kitini, shika usukani, mwombe mtu aishike geji sehemu mbalimbali kabla hujatoboa chochote.

## Hatua ya 7: Taa ya geji

Geji ya hewa inahitaji umeme wa taa tu. Nyeusi iende kwenye masi, yaani boliti ya chuma safi iliyokwanguliwa rangi. Nyekundu, kupitia fyuzi, iunganishwe na waya unaopata umeme ukiwasha taa ndogo. Wa kuangazia redio unafaa.

Usiamini rangi za nyaya. Magari haya yamepita mikono mingi kabla ya kufika kwako. Rudisha betri kwa muda, washa taa ndogo, gusa waya kwa taa ya kupimia. Iwake ukiwasha, izime ukizima. Kisha ondoa negatifu tena na uunganishe.

Nyaya au soketi za njano chini ya usukani ni za mifuko ya hewa. Usizipime, usizikate, usifunge chochote juu yake.

Ukinunua geji ya umeme utakuwa na waya zaidi: umeme wa kudumu, wa kontakti, wa taa na masi. Utaratibu wa kuzitafuta ni huohuo.

## Hatua ya 8: Jaribu, kwanza umesimama

Rudisha betri, washa injini, acha ralanti, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta.

Mazutu: mshale ukae sifuri au karibu sana nayo. Esanse: uende upande wa hasi na utulie. Sikiliza kama kuna mluzi karibu na T. Sasa kanyaga mafuta kwa ghafla uachie. Usitegemee namba kubwa, kwa sababu turbo inahitaji mzigo ili isukume. Wengi hukata tamaa hapa na kuanza kuvua kila kitu.

Kwa kipimo cha kweli nenda barabarani, na uwe na mtu wa pili wa kusoma geji. Tafuta mpando mrefu na mtulivu. Barabara ya Rutshuru inapoanza kupanda kuelekea Kibati inafaa. Injini ikiwa na moto wa kawaida, weka gia ya tatu, anza mizunguko 1,800 hivi, kanyaga mafuta mpaka mwisho na uyashikilie hadi 3,000. Abiria akuambie namba ya juu kabisa na mizunguko iliyokuwapo.

Injini za mazutu za miaka ya tisini kwa kawaida hufika kati ya bar 0.5 na 0.8. Mpya zaidi, zenye intakula na turbo ya mabawa yanayogeuka, hupita bar 1. Mshale upande kwa ulaini, ukae, na ushuke mara moja ukiachia mafuta.

Iandike namba hiyo pamoja na tarehe, kisha bandika karatasi nyuma ya kizuia jua. Siku gari litakapokuwa zito ndiyo utakayolinganisha nayo.

## Kwa nini namba za Goma hazifanani na za kwenye video

Goma iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ina presha ya karibu kPa 85, wakati ufukweni Mombasa ni karibu 101. Lubumbashi, kwenye mita kama 1,200, ni karibu 88.

Kwa mwenye gari la esanse maana yake ni hii. Video inasema ralanti nzuri ni hasi 0.65 hadi 0.7. Yeye anaona hasi 0.5, anaanza kununua vipuri. Gari lake halina shida. Hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo hakuna hasi kubwa ya kuonyesha. Kati ya hasi 0.45 na 0.6 hapa mjini ni ya kawaida, mradi mshale umetulia.

Kama gari lako linakubali kifaa cha kusoma kompyuta kwa simu, unaweza kuhakiki geji. Fungua kontakti bila kuwasha injini, na simu itaonyesha karibu kPa 85. Hiyo ndiyo sifuri yako. Mlimani ikionyesha 165, toa 85, unabaki na 80, yaani bar 0.8, na geji iseme vivyo hivyo. Ukitoa 100 kama wanavyofundisha wa pwani, utalaumu geji kwa kosa la hesabu.

Atakuja mtu akuambie kwamba kwa kuwa hewa ya hapa ni nyepesi, presha ya turbo iongezwe. Turbo ya Goma tayari inazunguka zaidi ili kufikisha namba ileile. Usimsikilize.

## Mshale ukisema mambo ya ajabu

Haunyanyuki kabisa. Mrija umekunjika, umeziba masizi, au kizuizi kimeziba. Uchomoe upande wa geji, mtu akanyage mafuta kidogo, uhisi hewa kwa kidole.

Hasi 0.7 au 0.8 kila wakati kwenye mazutu. Pampu ya vakyumu. Rudi hatua ya 3.

Hasi ndogo inayozidi ukikanyaga mafuta, kwenye mazutu. Umechukua kabla ya turbo. Kama ni nyingi, filta ya hewa pia imejaa. Vumbi jeusi la mji huu linajaza filta mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema.

Unatetemeka hovyo. Kizuizi hakipo, au kolye imelegea.

Unapanda polepole na kuishia 0.2 au 0.3. Sasa geji inakuambia kitu cha kweli. Kagua duriti za intakula kwanza, hasa upande wa chini usioonekana, ambako oili hulowesha mpira na kuupasua. Zishike zote kwa mkono, zikunje kidogo. Kisha filta, kisha fimbo ya valvu ya turbo kama imekwama wazi.

Unapita namba yako ya kawaida na kuendelea kupanda. Achia mafuta hapo hapo. Valvu ya turbo imekwama imefungwa au mpira wake umechomoka. Endesha polepole mpaka garajini, usijaribu mara ya pili ili kuhakikisha.

Baada ya wiki moja fungua boneti na ukaze kolye zote tena, maana mpira hujilaza ukipata joto. Kila unapobadilisha oili, chomoa mrija kwenye T, upulize, uone kama kuna masizi. Kipande cha mrija kilicho upande wa injini kikianza kuwa kigumu na kutoa mlio ukikikunja, kibadilishe. Cha kubadilishia unacho tayari: katika zile mita 3 ulizonunua lazima kuna kipande kilichobaki.